Daftari, Excel, programu iliyo tayari au mfumo wa kutengenezewa: duka la jumla lichague lipi?

Kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi nilikoanzia uhasibu, Dar es Salaam, stoo ilikuwa na msumari. Ulikuwa wa inchi sita, umepigiliwa kwenye kipande cha mbao ncha ikiwa juu, umekaa pembeni ya meza ya storekipa. Kila mzigo uliotoka uliacha nakala ya karatasi: saruji mifuko mingapi, nondo za milimita 12 ngapi, gari namba gani, nani amepokea. Nakala ilichomekwa msumarini ikangoja. Duka lenyewe lilikuwa kilometa mbili kutoka hapo. Kijana wa pikipiki akipita ndipo alipozing'oa karatasi na kuzipeleka dukani. Karani akaziandikia ankara, nami nikaziingiza ankara kwenye kompyuta. Mzigo wa Alhamisi jioni uliweza kupata ankara yake Jumatatu.

Alhamisi moja mkandarasi alichukua mifuko 200 ya saruji kwa mkopo. Ijumaa bei ya kiwandani ikapanda, bosi naye akapandisha. Jumatatu karani akaandika ankara kwa bei mpya. Mkandarasi alikuja juu, na haki ilikuwa yake. Tukafuta ankara, tukaandika nyingine, na fedha tuliyotarajia baada ya wiki mbili ikaingia baada ya mwezi na zaidi. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyelala kazini. Karatasi ndiyo iliyolala.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue mfumo gani, mimi humuuliza kwanza msumari wake uko wapi. Si lazima uwe msumari wa chuma. Unaweza kuwa kundi la WhatsApp ambalo oda huingia zikafunikwa na salamu, au droo ya bosi yenye hundi zinazosubiri saini, au simu ya keshia yenye picha za ujumbe wa malipo. Kuifanya kazi iende kiotomatiki maana yake ni kwamba taarifa inaingizwa mara moja tu, pale tukio linapotokea, kisha inasafiri yenyewe hadi kwa mtu wa mwisho anayeihitaji. Chombo chochote utakachochagua kipime kwa hilo.

Ushindani nao uko hapohapo. Kariakoo au Buguruni bei za maduka jirani hazipishani sana. Mteja akipiga simu kuuliza, "Bati za geji 30 mnazo ngapi?", anayejibu kwa uhakika ndani ya dakika moja ndiye anayepata oda. Anayejibu "ngoja nimpigie storekipa" amempa mteja nafasi ya kumpigia jirani.

Kabla hujafungua pochi

Kuna kisa cha Ford ambacho kila mwenye duka angefaa kukijua. Michael Hammer, aliyewahi kufundisha sayansi ya kompyuta MIT, alikisimulia mwaka 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara ya Ford ya kulipa wauzaji, kwa Amerika Kaskazini peke yake, ilikuwa na watu zaidi ya 500. Wakubwa walipanga kuleta kompyuta ili wapunguze asilimia 20 ya watu, wabaki 400. Kisha wakatazama Mazda: kazi hiyohiyo ilifanywa na watu 5. Mazda ni kampuni ndogo kuliko Ford, lakini hata ukizingatia ukubwa, pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa kompyuta peke yake.

Tofauti ilikuwa kwenye kazi yenyewe. Pale Ford watu walikuwa wakilinganisha karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara ya muuzaji. Zisipolingana, malipo yanasimama na watu wanaanza kutafutana. Ford wakaamua kuiondoa ankara kabisa. Mzigo ukifika getini, mpokeaji anaangalia kwenye kompyuta kama unafanana na oda. Ukifanana anaupokea, na malipo yanaandaliwa yenyewe. Watu wa idara ile walipungua kwa asilimia 75.

Sisi tungenunua kompyuta ya kasi zaidi kwa ajili ya karani wa ankara, msumari ungebaki palepale. Dawa ilikuwa storekipa mwenyewe atoe ankara wakati gari linapakia, kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo chora kwanza safari ya karatasi yako kwenye ubao, kituo kwa kituo, ufute vituo visivyo na kazi. Ukiweka mfumo mpya juu ya safari mbovu, utakuwa umeharakisha ubovu.

Daftari dhidi ya Excel

Daftari la nakala tatu lenye kaboni silidharau hata kidogo. Halihitaji umeme wala bando, kijana mpya analielewa siku ya kwanza, na ukurasa ukichanwa unaonekana. Kwa duka moja ambalo mwenyewe yuko kaunta kutwa, bidhaa mia moja hivi, wateja wengi wa fedha taslimu au Lipa Namba, daftari pamoja na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, vinatosha, na fedha ya mfumo ni heri iingie kwenye mzigo. Udhaifu wake ni kwamba haliulizwi maswali. "Nani tunamdai kwa zaidi ya siku 30?" Ili ujibu hilo inabidi upekue kurasa jioni nzima, na kwa kuwa ni kazi ya jioni nzima, haifanyiki. Madeni huzeeka hivyo.

Excel inaulizwa maswali, na ndiyo maana watu wengi huikimbilia. Uzuri wake unaonekana zaidi kwenye kazi yenye kanuni isiyobadilika kila siku, kama mishahara. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 600,000. Ondoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 60,000. Zinabaki 540,000 za kukatwa PAYE, kodi ya mshahara. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. 250,000 zinazofuata hukatwa asilimia 8, sawa na 20,000. Zinazobaki 20,000 hukatwa asilimia 20, sawa na 4,000. PAYE ni 24,000, mkononi anapata 516,000. Ukiandika kanuni hiyo mara moja, wafanyakazi 15 wanamalizika kwa dakika chache, na tarehe 7, siku ya mwisho ya kupeleka PAYE ya mwezi uliopita, haikukuti ukihangaika na kikokotoo. Kwa kazi hii sioni sababu ya kampuni ndogo kununua kitu kingine.

Stoo ni habari tofauti. Stoo inaguswa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hapo Excel hugeuka kuwa mafaili manne: "Stoo Machi", "Stoo Machi mpya", "Stoo Machi mwisho", "Stoo Machi mwisho kabisa". Mtu akifuta namba 48 akaandika 84, faili la kawaida lililo kwenye kompyuta ya dukani halitakuambia ni nani wala lini. Na hata taasisi kubwa huangukia humo. Uingereza, mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Covid-19 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa sababu majibu yao yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Faili lilijaa, yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Walioathirika zaidi ni watu waliokaa karibu na wagonjwa wale na hawakuambiwa kwa wakati.

Basi kati ya hivi viwili: daftari kwa duka la mtu mmoja, Excel kwa mishahara, bajeti na taarifa za bosi. Ukishakuwa na stoo mbali na kaunta, au keshia wawili, vyote viwili vimekwisha uwezo.

Programu iliyo tayari

Hapa ndipo maduka mengi ya jumla yanapopaswa kufika, na ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu kila muuzaji wa programu husema yake inafanya yote. Mimi nazigawa kwa swali moja: programu inakaa wapi?

TallyPrime ya India, inayopendwa sana na wahasibu wa Afrika Mashariki, hukaa kwenye kompyuta yako. Toleo la Silver ni la mtumiaji mmoja, Gold ni la kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani. Intaneti ikikatika, mauzo yanaendelea. Lakini kompyuta ikiibiwa au diski ikifa, na hukuwa ukihifadhi nakala mahali pengine, historia ya duka imekwenda nayo.

QuickBooks Online na Zoho Books hukaa kwenye seva za wenye programu, na unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Bosi akiwa Guangzhou ananunua mzigo, anaona mauzo ya leo kwenye simu. Nakala hazipotei kizembe. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alirudi kwenye daftari. Kwa hiyo hata ukichagua ya mtandaoni, kitabu cha kaboni kisitoke kaunta.

Odoo na ERPNext ziko katikati: unaweza kuziweka kwenye seva yako ofisini au kukodi nafasi mtandaoni. Odoo ilianza Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP. Toleo lake la Community halina ada ya leseni. La Enterprise hulipiwa kwa kila mtumiaji, na sehemu kubwa ya uhasibu kamili iko huko. ERPNext, ya India, ni programu huria, haina ada ya leseni. Lakini kutokuwa na ada ya leseni si sawa na bure. Utamlipa mtu wa kuisimika, kuitunza, kuisasisha na kufundisha watu, na mtu huyo asipokuwa karibu, programu ya bure inaweza kukugharimu kuliko ya kulipia. Kwa duka lenye stoo mbili au tatu na magari yake, mimi ningechagua moja ya hizi mbili, ilimradi nimpate mtaalamu aliyekwisha kuisimika kwenye duka ambalo naweza kwenda kulitembelea. Kwa duka moja lenye stoo moja na mhasibu mmoja, Tally ingenitosha.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni risiti ya TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania. Mashine za EFD zilianza Tanzania mwaka 2010, na duka lililonunua programu isiyozungumza na mfumo wa TRA linaingiza kila mauzo mara mbili: mara kwenye programu, mara kwenye mashine. Hapo umejiundia msumari mpya kwa fedha yako. Siku hizi kuna VFD, ambapo risiti halali inatoka kwenye programu yenyewe bila mashine ya pembeni. Kenya ni vivyo hivyo kwa eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, mamlaka ya kodi ya huko: tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, haikubaliki kupunguza kodi ya mapato, kwa hiyo wateja wako wa kibiashara watakukimbia kama ankara yako haitoki huko. Muuzaji wa programu akijibu swali hili kwa kusema "tutaiunganisha baadaye", usilipe kwanza.

Swali la pili ni malipo ya simu. Namkumbuka keshia wetu akiwa na foleni ya watu sita, anashika simu ya mteja, anasoma ujumbe wa malipo, anaandika namba ya muamala kwenye kidaftari, anairudisha. Ujumbe wa kughushi ulipita mara mbili kabla hatujagutuka. Mfumo uliounganishwa na Lipa Namba unaona fedha iliyoingia kwenye akaunti yako yenyewe, haujali skrini ya mteja inasema nini.

Na gharama ambayo hakuna anayeitaja kwenye ankara ya mfumo ni kusafisha orodha ya bidhaa. Sisi tulikuta "Nondo 12mm", "nondo mm12", "Nondo 12 (Tz)" na "chuma 12" vikiwa vitu vinne kwenye kumbukumbu, na rafuni ni nondo ileile. Mfumo ungepewa orodha hiyo ungesema nondo za jina moja zimekwisha huku za jina jingine zimejaa. Tulikaa Jumapili tatu, mimi na storekipa, mzee aliyefanya kazi pale muda mrefu kuliko bosi mwenyewe, tukiita bidhaa moja moja. "Mwanangu," aliniambia, "hii orodha mngeniuliza mimi tangu zamani." Alisema kweli. Kumbukumbu bora ya stoo ilikuwa kichwani mwake, na hakuna aliyewahi kumwita kwenye kikao.

Kutengenezewa yako

Mfumo wa kutengenezewa unavutia kwa sababu unafuata duka lako, wala duka halilazimiki kuufuata. Kijana mwenye kipaji anakuja, anasikiliza, miezi mitatu baadaye una kitu kwa Kiswahili, chenye vitufe unavyovijua. Nimeona ikifanya kazi vizuri sana kwa biashara yenye utaratibu usio wa kawaida: anayekodisha majukwaa ya ujenzi kwa siku, kwa mfano, au anayekusanya maziwa kwa wafugaji mia mbili na kuwalipa kwa wiki. Programu zilizo tayari hazina sehemu ya vitu hivyo.

Kwa kununua na kuuza bidhaa za kawaida, nashauri uachane nayo. Kijana akipata kazi nje ya nchi, au mkigombana, unabaki na mfumo ambao hakuna mwingine anayeujua ndani. Ukiamua kuendelea, mkataba useme wazi kwamba msimbo wa programu ni mali yako na unakabidhiwa kila unapobadilishwa, nywila za seva uwe nazo wewe, na data itoke kwa muundo ambao Excel inausoma. Kumbuka pia kwamba namba za simu na majina ya wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayewajibika ni wewe pamoja na kijana.

Kuhusu Zapier, n8n, Power Automate na roboti za UiPath zinazobonyeza skrini badala ya mtu: hizo ni gundi ya kuunganisha mifumo uliyonayo tayari. Kama huna mifumo miwili inayohitaji kuunganishwa, ziache kwa sasa.

Kompyuta ikisema mtu ameiba

Hili linaniuma, na naomba lisirukwe. Posta ya Uingereza iliweka mfumo wa hesabu wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia mwaka 1999. Mfumo ulikuwa na kasoro. Ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, kwa sababu kompyuta ilisema. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 kufuta nyingi ya hukumu hizo.

Kwenye maduka yetu upungufu wa stoo hukatwa kwenye mshahara wa storekipa, mara nyingi bila kuulizwa maswali mawili. Mfumo mpya unafanya namba ionekane na uzito wa hukumu. Kabla hujamkata mtu shilingi moja, hesabu mzigo kwa macho, yeye akiwepo, na mpitie pamoja kila mauzo ya bidhaa hiyo. Pale kwetu upungufu wa kwanza ulioonyeshwa na mfumo, koili nane za waya, ulitokana na mimi mwenyewe kuingiza uzito kwenye nafasi ya idadi. Chagua mfumo unaoonyesha nani aliingiza nini na saa ngapi, na kila mtu awe na nywila yake. Nywila moja ya duka zima inamwacha asiye na hatia bila ushahidi wa kujitetea.

Na karani wa ankara? Bosi alitaka kumwachisha. Tulimwomba amjaribu kwenye madeni, kwa sababu dada yule alikuwa anawajua wakandarasi wote kwa sauti. Kila asubuhi mfumo ulimtolea orodha ya waliopitisha siku, yeye akapiga simu, kwa heshima, mmoja baada ya mwingine. Fedha aliyoirudisha dukani miezi ile ya kwanza ilimaliza mjadala wa kumwachisha.

Siku ya kuonyeshwa mfumo

Muuzaji wa programu atakuja na mfano wake uliokwisha kupangwa vizuri, wenye bidhaa tano na wateja watatu. Usiutazame huo. Nenda kachukue karatasi kumi halisi kutoka msumarini kwako, pamoja na ile yenye mafuta, ile ya mteja aliyerudisha nusu ya mzigo, na ile ya aliyelipa nusu taslimu na nusu kwa simu. Mwambie aziingize mbele yako, kuanzia mzigo kutoka hadi risiti ya TRA. Ya tano ikiisha, zima ruta uone kitakachotokea. Zikiisha zote kumi, mwombe muuzaji ainuke kwenye kiti, mkaribishe storekipa akae, apewe karatasi ya kumi na moja.